Nani Aliyeleta Maradhi? Somo juu ya Vijidudu vya Kuku na Mayai

Watu wa Mombasa wanapenda kuku. Ni nadra kupata harusi, khitma au sikukuu isiyokuwa na sufuria ya kuku jikoni. Ng'ambo ya kisiwa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, wako wengi wanaofuga kuku nyuma ya nyumba zao. Wako wanaouza mayai kwa trei, na wako wanaokaanga kuku na chipsi kando ya njia tangu magharibi mpaka usiku wa manane. Hii ni riziki ya halali, tena ni chakula chema.

Lakini hutokea mara nyingine kwamba watu waliokula pamoja wanaanza kuumwa na tumbo pamoja. Hapo neno la kwanza husemwa, "Ni wale kuku." Na neno la pili hufuata upesi, "Ni kuku wa fulani." Neno hili la pili laweza kumkosesha mtu riziki yake kwa siku moja tu. Je, husemwa kwa haki? Na kama halisemwi kwa haki, maradhi yenyewe yametoka wapi, nayo yatamshika nani kesho?

Somo letu la leo linaeleza jinsi wataalamu wanavyokikamata kijidudu kinacholeta maradhi haya, wanavyokipa jina, na jinsi jina hilo linavyoweza kuonyesha kosa liko wapi na kumtoa lawamani asiyekuwa na kosa. Tunamwomba msomaji asome polepole, maana baada ya kusoma atajua pia kazi yake mwenyewe katika jambo hili.

SALMONELA NI NINI?

Salmonela ni vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Umbo lao ni kama la kijiti kifupi. Hukaa ndani ya matumbo ya wanyama na ndege, na kuku ni mmojawapo. Jina limetokana na Daniel Salmon, mganga wa wanyama wa Marekani, ingawa aliyevipata vijidudu hivi mwaka 1885 ni msaidizi wake, Theobald Smith, naye alivipata katika nguruwe wagonjwa.

Mtu akila chakula chenye vijidudu hivi, hamwugui papo hapo. Kwa kawaida huanza kuugua baada ya saa 12 mpaka 36, na mara nyingine baada ya saa 6 tu au hata siku tatu. Huja homa, maumivu ya tumbo, kuhara na kutapika. Mtu mzima mwenye afya hupona katika siku mbili mpaka saba, akipewa maji ya kutosha yenye chumvi na sukari ya kuharisha. Lakini mtoto mchanga, mzee, mtu mwenye maradhi ya selimundu, au mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua, anaweza kufa ikiwa vijidudu vitatoka tumboni na kuingia katika damu.

Jambo moja lazima likumbukwe. Chakula chenye salmonela hakinuki vibaya wala hakibadiliki ladha. Kwa hiyo maneno ya kwamba "tulikionja, kilikuwa kitamu" si ushahidi.

SUFURIA ILIYOLALA

Kuku mbichi akiwa na vijidudu vichache, moto mzuri huviua vyote. Chakula kikipata moto wa digrii 70 mpaka ndani kabisa, hakuna salmonela itakayosalia. Hatari huja chakula kisipoiva mpaka mfupani, au kikiisha kuiva kikaguswa na kisu, ubao au mikono iliyogusa kuku mbichi, halafu kikaachwa katika joto letu la pwani.

Tufanye hesabu. Tuseme kijidudu kimoja tu kimeingia katika sufuria saa nne usiku, na kila nusu saa kinajigawa kuwa viwili. Saa tano vimekuwa vinne. Saa sita ya usiku vimekuwa kumi na sita. Mpaka saa mbili asubuhi, watu wanapoamka na kupakua kiporo, vimegawanyika mara 20, navyo vimepita 1,000,000. Anayepakua kiporo hicho haoni chochote.

TUCHUKUE MFANO

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya kufundisha. Watu wake hawako, lakini mambo yake ni yale yanayoweza kutokea katika mji wowote.

Jumamosi moja palikuwa na harusi Kisauni. Siku ile ile palikuwa na khitma Likoni. Na huko Changamwe wafanyakazi walikula chakula cha jioni katika kibanda cha chipsi. Kufika Jumapili usiku watu wanahara katika sehemu zote tatu. Jumatatu asubuhi hospitali zimekwisha kupokea watoto kadhaa, na mmoja wao yu taabani.

Habari zikaenea upesi. Bibi mmoja wa Likoni, mjane, anauza kuku wa kienyeji. Kuku wake waliliwa Kisauni na Likoni pia. Tena juma lile lile kuku wake saba walikufa nyumbani kwake, wamepauka undu, wameinama, wakitoa kinyesi cha rangi ya manjano na kijani. Majirani wakasema hakuna haja ya uchunguzi: kuku wake ni wagonjwa, watu wamekula kuku wake, watu wanaumwa. Jambo limekwisha. Vijana wakataka kulivunja banda lake.

Afisa wa Afya akafika. Yeye hakuanza na banda la kuku. Alianza na kalamu. Aliwauliza wagonjwa na wazima pia: Ulikula nini? Saa ngapi? Nini hukula? Ulianza kuumwa lini? Alitambua jambo ambalo majirani hawakulitazama, nalo ni hili: kibanda cha Changamwe hakikununua kuku hata mmoja kwa bibi yule. Lakini kile kibanda na ile harusi ya Kisauni walinunua mayai kwa mchuuzi mmoja. Harusini mayai yalipigwa mabichi ndani ya mayonezi ya saladi. Kibandani yalivunjwa asubuhi katika ndoo moja, yakakaa mchana kutwa juani, yakachotwa kidogo kidogo kwa kupika chipsi mayai.

Basi kalamu imeonyesha njia. Lakini kalamu haithibitishi. Ndiyo maana Afisa akachukua vitu hivi: choo cha wagonjwa wa sehemu zote tatu, kiporo cha kuku kilichosalia Likoni, mayai yaliyobaki katika trei ya kibanda, na mzoga wa kuku wa yule bibi. Huko Kisauni hakupata chakula, kwa kuwa wenye nyumba, kwa aibu, walikwisha kukimwaga na kuzisugua sufuria kwa majivu. Ushahidi wa jikoni ukapotea hivyo.

KIJIDUDU HUKAMATWAJE?

Choo cha mtu kina vijidudu vya aina nyingi, na vingi havina ubaya. Kutafuta salmonela humo ni kama kumtafuta mtu mmoja katika umati unaoshuka ferini asubuhi. Kwa hiyo mtaalamu hufanya kazi kwa hatua.

Hatua ya kwanza, huchukua kidogo cha chakula au choo na kukitia katika maji ya rutuba, akayaweka katika kabati la joto la digrii 37, joto la mwili wa binadamu, ili vijidudu vilivyodhoofika vipate nguvu. Hatua ya pili, huvihamisha katika maji yenye dawa inayozuia vijidudu vingine na kuiacha salmonela iongezeke. Hatua ya tatu, huvipaka juu ya kisahani chenye chakula kilichoganda kama halua laini, chenye rangi nyekundu. Kesho yake hutazama. Salmonela kwa kawaida huota kama madoa mekundu yenye kiini cheusi katikati, kwa sababu hutoa hewa ya kiberiti inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma kilichotiwa humo.

Hatua ya nne, hulichukua doa moja peke yake na kulijaribu kwa sukari na dawa mbalimbali ili kuhakikisha kwamba si kijidudu kingine kinachofanana nacho. Kazi hii yote huchukua siku nne au tano. Kwa hiyo msomaji asishangae Afisa wa Afya anapomwambia asubiri. Hakuna njia ya kuyaharakisha maumbile.

UKOO NA JINA

Sasa twajua ni salmonela. Lakini hapo kazi ni nusu tu. Ukoo wa salmonela ni mkubwa mno. Hata leo umehesabiwa kuwa na namna zaidi ya 2,500. Kusema "ni salmonela" ni sawa na kusema "mwizi ni mtu wa pwani."

Njia ya kuzitenga ilianza mwaka 1896. Katika mwaka huo wataalamu kadhaa wa Ulaya, akiwamo Fernand Widal wa Paris, walionyesha kwamba maji ya damu ya kiumbe aliyekutana na kijidudu fulani, nayo huitwa seramu, yakichanganywa na kijidudu kile kile hukifanya kigandane vifundo vifundo mbele ya macho. Kikiwa kijidudu kingine, hakigandi. Kwa hiyo seramu ni kama kufuli: funguo zake ni zake.

Baadaye P. Bruce White wa Uingereza na Fritz Kauffmann, aliyefanya kazi Copenhagen, waliipanga kazi hii iwe orodha moja ya dunia nzima. Orodha ya mwaka 1934 ilikuwa na namna 44. Siku hizi orodha hiyo hutunzwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris.

Katika orodha hiyo kila kijidudu hutambuliwa kwa alama za namna mbili. Alama za kwanza ziko juu ya ngozi yake, nazo huandikwa kwa herufi O na tarakimu. Alama za pili ziko katika mikia yake ya kuogelea, nazo huandikwa kwa herufi H. Mtaalamu huweka tone la vijidudu juu ya kioo, hutia tone la seramu, hukitikisa kioo taratibu, na kutazama kama vifundo vinatokea. Hufanya hivyo kwa seramu moja baada ya nyingine mpaka alama zote zijulikane. Alama za O na alama za H zikipatikana pamoja, ndipo jina hutolewa.

Majina mengi ni ya miji na nchi ambako namna hiyo ilipatikana mara ya kwanza. Iko Salmonela Zanzibar, iko Salmonela Uganda, iko Kiambu, iko Kampala, iko Kisangani, iko Bukavu. Na tawi moja zima la ukoo huu huitwa salamae, kutokana na jina la Dar es Salaam. Lakini wenyeji wa miji hiyo wasione haya. Jina si lawama. Ni kumbukumbu tu ya pahali.

MAJIBU YA MFANO WETU

Turudi sasa kwenye mfano wetu. Maabara ilijaribu kwanza alama za ngozi, na majibu yakawa hivi:

Wagonjwa wa Kisauni: O ya 9.
Wagonjwa wa Changamwe: O ya 9.
Mayai ya kibandani: O ya 9.
Kuku aliyekufa wa yule bibi: O ya 9.
Wagonjwa wa Likoni na kiporo cha Likoni: O ya 4.

Msomaji asimame hapa kidogo afikiri. Lau maabara ingaliishia hapa, ingekuwaje? Ingalisemwa kwamba kijidudu cha kuku wa bibi ni sawa na kijidudu cha wagonjwa wa Kisauni na Changamwe. Majirani wangalifurahi, na banda lingalivunjwa kwa cheti cha maabara.

Lakini mtaalamu mwema haishii njiani. Alijaribu alama za mikia. Vijidudu vya wagonjwa wa Kisauni, vya Changamwe na vya mayai vilikuwa na mikia yenye alama g na m. Jina lake ni Enteritidis. Vijidudu vya kuku wa bibi havikuwa na mikia kabisa! Havijui kuogelea. Hiyo ni Gallinarum, inayoleta homa ya matumbo ya kuku. Maradhi hayo huua kuku kwa wingi na kumtia mfugaji hasara kubwa, lakini ni nadra sana kumdhuru binadamu. Na vijidudu vya Likoni, katika wagonjwa na katika kiporo, vilikuwa na mkia wa alama i, na wa pili wa alama 1 na 2. Hiyo ni Typhimurium, namna nyingine kabisa.

Kwa hiyo tukio halikuwa moja. Yalikuwa matukio mawili ya watu, na maradhi ya kuku ya tatu yaliyotokea juma lile lile. Uvumi uliyafunga yote katika fungu moja. Seramu ikalifungua fungu hilo.

Huko Likoni ushahidi uliishia jikoni. Kuku walipikwa wakaiva, kisha wakakatwa juu ya ubao uliokatiwa nyama mbichi, na sufuria ikalala nje mpaka asubuhi. Nyama ilikuwa imenunuliwa pahali pengi, kwa hiyo haikuwezekana kusema ni ipi iliyokuwa na kijidudu. Afisa aliandika hivyo hivyo, wala hakubuni mkosaji. Maabara haiwezi kusema zaidi ya vile vitu ilivyoletewa.

Naye bibi? Hakuruhusiwa kuuza kuku wake wagonjwa. Aliagizwa afukie mizoga au kuichoma, alisafishe banda, na kumwita Afisa wa Mifugo. Lakini hakuitwa tena mwuaji wa watoto wa watu.

JINA MOJA, NYUMBA NYINGI

Labda msomaji mwerevu atauliza: Enteritidis imeenea dunia nzima. Wagonjwa wa Kisauni na wa Changamwe wote wana Enteritidis, lakini je, si kama watu wawili wanaoitwa Juma? Kuitwa jina moja si kuwa mtoto wa baba mmoja.

Swali hili ni la haki. Hapo kale wataalamu walitumia virusi vinavyokula bakteria, viitwavyo faji. Kila faji huchagua. Hukila kijidudu hiki na kukiacha kile, ijapokuwa majina yao ni mamoja. Kwa njia hiyo Enteritidis iligawanywa katika namna nyingi zenye nambari. Ndiyo ilionyesha katika miaka ya 1980 kwamba nambari 4 ilikuwa imeenea katika kuku na mayai ya Uingereza. Mwezi wa Desemba 1988 waziri mdogo wa afya wa huko, Edwina Currie, alisema hadharani kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi imeingiwa. Watu waliacha kununua mayai, wafugaji wakapata hasara, naye akajiuzulu. Kijidudu kilikuwako kweli, ila maneno yake yalikuwa mapana kuliko ushahidi. Baadaye kuku wakachanjwa, na wagonjwa wakapungua sana. Tujifunze kwamba katika mambo ya chakula neno lazima lipimwe kabla halijasemwa.

Siku hizi kuna njia iliyo kali zaidi. Ndani ya kila kijidudu mna maandishi ya urithi yenye herufi karibu milioni 5, na sasa mashine zaweza kuyasoma yote. Vijidudu viwili vikitofautiana kwa herufi chache tu, basi vimetoka kwa mzazi mmoja si zamani. Vikitofautiana kwa mamia, majina yao yakifanana hakuna maana. Katika mfano wetu, vijidudu vya Kisauni, vya Changamwe na vya mayai vilitofautiana kwa herufi mbili au tatu. Hapo ndipo mfugaji wa mayai alipojulikana, akafikiwa, na mayai yake yakazuiwa kabla ya Jumamosi nyingine.

Na msomaji asidhani kwamba yai lililo safi kwa nje ni salama kwa ndani. Enteritidis huweza kuingia katika kizazi cha kuku, hata yai likatagwa kijidudu kimo tayari ndani, na gamba halina ufa wala uchafu.

JE, KILA SALMONELA HUTOKA KWA KUKU?

La, sivyo. Jambo hili limechunguzwa hapa hapa kwetu. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, walifuata watoto walioingiwa na salmonela katika damu jijini Nairobi, wakaenda mpaka majumbani mwao. Katika maandishi yao ya mwaka 2006 walieleza kwamba vijidudu vya watoto vilifanana zaidi na vile vya watu wa nyumbani kuliko vile vya wanyama. Mwaka 2009 uchunguzi wa Typhimurium ya Kenya na Malawi ulionyesha kabila la kijidudu lililozoea kuwaingia watu wa Afrika katika damu. Na mwaka 2016 ikaonekana kwamba hata Enteritidis ina matawi: moja limeenea duniani pamoja na kuku na mayai, na mawili ni ya Afrika, nayo huelekea kuingia katika damu.

Huko Kilifi, safari fupi kutoka Kisauni kwa barabara ya Malindi, KEMRI imewachunguza watoto kwa miaka mingi. Salmonela imekuwa mojawapo ya vijidudu vilivyoonekana mara nyingi katika damu ya watoto wagonjwa, hasa wenye malaria, wenye utapiamlo na wenye selimundu. Malaria ilipopungua, na maradhi haya ya damu yalipungua. Kwa hiyo anayemlaza mtoto wake ndani ya chandarua anamkinga na adui wawili kwa kamba moja.

Ndiyo sababu nyingine ya kutaka kijidudu kitajwe kwa jina lake kamili. Likiwa ni tawi la kuku, dawa yake iko bandani na jikoni. Likiwa ni tawi la watu, dawa yake iko msalani na katika maji ya kunawa. Tukikosea jina tutalisafisha banda huku choo kikiendelea kuua.

Tena wako watu wanaopimwa damu kwa kipimo cha Widal wakaambiwa wana homa ya matumbo. Kijidudu cha homa ya matumbo, Typhi, nacho kina O ya 9 kama Enteritidis. Kwa hiyo kipimo hicho peke yake chaweza kumpotosha mganga. Ni afadhali kijidudu chenyewe kioteshwe.

KAZI YAKO, MSOMAJI

Uchunguzi huu wote hauanzii Nairobi wala Paris. Unaanzia jikoni mwako. Watu waliokula pamoja wakiugua, fanya haya:

1. Usimwage chakula kilichobaki. Kiweke katika chombo safi chenye kifuniko, mahali pa baridi, usimpe mtu wala paka, mpaka Afisa wa Afya aje.
2. Usitupe mayai yaliyosalia katika trei, wala usisahau uliyanunua kwa nani.
3. Nenda hospitali mapema, na ukiombwa choo, toa kabla hujameza dawa za kuua vijidudu. Dawa hizo huficha ushahidi, na kwa mtu mzima anayehara tu mara nyingi hazihitajiwi. Mpe mgonjwa maji ya chumvi na sukari.
4. Mtoto mchanga, mtu mwenye selimundu, au yeyote mwenye homa kali au choo cha damu, apelekwe hospitali bila kungoja.
5. Andika majina ya waliokula, wagonjwa na wazima, na vyakula walivyokula.
6. Kuku wakifa wengi, mwite Afisa wa Mifugo. Mzoga waweza kuchunguzwa katika maabara ya serikali ya maradhi ya wanyama huko Mariakani. Usiwauze waliobaki upesi upesi ili kuokoa fedha.

Na ili maradhi yasije: kuku aive mpaka mfupani, ubao wa nyama mbichi usikatiwe chakula kilichoiva, mayai yavunjwe wakati wa kupikwa tu, chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, mikono inawe kwa sabuni.

MASWALI YA KUJIPIMA

Msomaji ajaribu kuyajibu bila kutazama juu. Kwa nini O ya 9 peke yake haikutosha kumhukumu yule bibi wa Likoni? Ni kitu gani kilichoziunganisha Kisauni na Changamwe? Kosa gani lilifanywa na wenye harusi walipozisugua sufuria?

Wazee walisema, mficha maradhi kifo kitamwumbua. Wale waliomwaga chakula kwa aibu hawakuwa na nia mbaya. Lakini lau trei ya kibandani nayo ingalitupwa, mayai yale yangaliuzwa tena Jumamosi iliyofuata, kwa harusi ya watu wengine, na mjane asiye na kosa lile angaliendelea kuitwa mwuaji. Kiporo kidogo ndani ya chombo chenye kifuniko kinatosha kuzuia yote mawili.